Simu ya Dukani na Dakika Zangu Tatu

Mjukuu wangu, anayefanya kazi za kompyuta, alikuja juzi na habari kwamba wakubwa wanabishana. Kampuni yenye uwezo ilipe ili mambo yake yapite haraka kwenye intaneti, au ya watu wote yapite sawa? Na sheria ya usawa, inasaidia biashara au inaiua? Nikamwambia akae kitako. Hayo tuliyamaliza zamani hapa Msambweni. Sheria niliitunga mimi, na wa kwanza kuumia nayo nilikuwa mimi.

Ilikuwa baada ya mvua za Elinino. Mapaa ya hoteli za Diani yalikuwa yameoza, na sisi wanawake wa kushona makuti tukawa tunatafutwa. Tulitafutwa kwa simu, na simu mtaani kwetu ilikuwa moja, juu ya meza ya muuza duka, imetiwa kufuli kama sanduku la bibi harusi.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alishona makuti kama mimi. Kila asubuhi alimpelekea muuza duka mkate wa sinia wenye iliki. Sisi wengine tukifika, laini mbovu. Harufu ya iliki ikiingia mlangoni, laini inapona.

Mimi sina mdomo wa kubembeleza. Nilisimama dukani mchana kweupe, watu wamejaa.

"Simu hii ni ya watu au ni ya mkate?"

"Simu ni yangu, mama," muuza duka akasema. "Anayenitunza, namtunza. Ndiyo biashara."

Wifi akadakia. "Oka na wewe, wifi. Nani kakufunga mikono?"

"Mikono yangu ina makuti. Sina nafasi ya kulisha waume wa watu."

Hapo mke wa muuza duka akatoka nyuma ya pazia. "Mkate gani huo?"

Kesi ikaisha. Tukaweka sheria: aliyefika kwanza ashike simu kwanza, ujumbe wa hoteli utangazwe kwa wote, na kila mtu apewe dakika tatu kwa saa ya ukutani, zikiisha akatwe. Dakika tatu nilizitaka mimi, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa akimpigia mwanawe Mombasa na kumpa salamu za ukoo mzima pamoja na mbuzi.

Muuza duka alinuna, akisema tunamfungisha duka. Wifi alisema mwenye kazi nyingi kupanga foleni nyuma ya salamu za mbuzi ni hasara tupu. Siwezi kusema alikosea kote.

Siku moja hoteli ikapiga: paa la ukumbi wa kulia chakula, makuti elfu mbili, na atakayepiga simu kwanza na kukubali ndiye mwenye kazi. Muuza duka akatangaza. Nilitupa sindano nikakimbia, ncha ya leso mdomoni. Nyumba yangu mwenyewe, mshona makuti mzima, ilikuwa ikivuja, na kazi ile ingenipa mabati. Nilifika wa kwanza. Wifi akafika wa pili, anahema.

Aliyepokea alikuwa msimamizi wa matengenezo, kijana wa bara. "Haloo?"

Sasa mtu hujamsalimu, utamwambiaje makuti? "Hujambo, mwanangu? U mzima? Mama yako hajambo? Na huko kwenu mvua iliwaacha salama?"

Maskini, nadhani tangu ateremke pwani hakuna aliyemuuliza habari za mama yake. Akaniambia mamake anaumwa mguu. Ningeuruka mguu wa mzazi? Nikauliza ni wa kulia au wa kushoto. Nikamwambia mafuta ya nazi, yapashwe moto, akandwe asubuhi na jioni.

"Mama," muuza duka akasema, anaonyesha saa.

"Ngoja, umevimba."

Akabonyeza, laini ikakatika.

"Sheria yako, mama. Rudi nyuma." Kisha akaniinamia, akanong'ona: "Au kesho uje na mkate, nikurudishie sasa hivi?"

Nilimtazama mpaka akaanza kupanga viberiti vilivyokwisha pangwa. Nikaenda nyuma ya foleni.

Wifi hakuuliza hata hujambo. "Makuti elfu mbili nayaweza. Mwayataka lini?" Akasikiliza, akaweka simu chini, dakika moja haijafika. Akanigeukia.

"Na mguu wa mamake waendeleaje, wifi?"

Duka zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Elfu mbili hazishonwi na mikono miwili, basi akaniita nimsaidie, nikaenda. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema sheria ni hasara. Mabati sikuyapata. Nyumba niliiezeka kwa makuti yaliyokataliwa na hoteli, ikavuja upande wa kitandani.

"Kwa hiyo sheria ilikudhuru, bibi," mjukuu akasema.

"Ilinidhuru. Na ukiniuliza leo, nitaiweka vilevile."

Mama wa yule kijana wa bara alipona, alhamdulillahi. Kijana alipiga simu kunishukuru. Muuza duka alinifikishia salamu zangu kwa zamu, baada ya watu wanne walionitangulia kwenye foleni.