Ovaroli ya Wageni

Ovaroli ilikuja ndani ya nailoni, ya buluu, imekunjwa vizuri kama sare ya shule inayotoka dukani. Pamoja nayo kulikuwa na gambuti, glavu ndefu za mpira, miwani ya plastiki na barakoa yenye vichujio viwili mashavuni. Seti moja tu. Kikundi chetu kilikuwa na watu ishirini na wawili, wakulima wa nyanya na sukuma wiki nje kidogo ya Oyugis, na tulipiga makofi utadhani kila mtu amepewa yake.

Walioileta walikuja na maafisa wa kilimo kutusomea sera mpya ya taifa kuhusu dawa za kunyunyizia mimea. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo niliandika. Niliandika kwamba dawa kali zitaondolewa madukani, kwamba mkulima akague wadudu shambani kabla ya kukimbilia pampu, na kwamba wanyunyizaji watafunzwa na asiwepo wa kunyunyizia bila mavazi ya kujikinga. Nimekaa katika mikutano mingi ya kusomewa mambo, hata siku hizi nikisikia viti vya plastiki vikipangwa nachoka kabla sijaketi, lakini siku hiyo nilikubaliana na kila neno. Nasema hivi ili mtu asidhani nataka kuilaumu ile karatasi.

Mnyunyizaji wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alinyunyizia nyanya za kikundi kizima, na kazi ikipungua kwetu alikwenda Awendo kupiga dawa ya magugu kwenye miwa. Pampu yake ya mgongoni ilivuja pale mkanda unaposhikana na tangi. Shati lake la kazi lilikuwa moja, la kampeni, lenye uso wa mtu aliyeshindwa uchaguzi zamani. Mdomo wa pampu ukiziba, aliutia kinywani akaupuliza. Akimaliza alipita kwangu kunywa kikombe cha maziwa, maana huku kwetu watu wanaamini maziwa huosha sumu tumboni. Afisa alituambia wazi kwamba hayaoshi kitu. Niliandika hilo pia, kisha nikaendelea kumwekea maziwa.

Seti ile iliwekwa kwangu kwa sababu nina kabati lenye kufuli. Ndani mlikuwa na vikombe vyangu vya maua, sita, ambavyo watoto wangu wamekua bila kuruhusiwa kuvigusa. Nikavisogeza kando, ovaroli ikapata nafasi.

Wiki za kwanza shemeji aliivaa. Alilalamika joto, akasema miwani inajaa mvuke haoni mbele, ila aliivaa. Kisha tukapigiwa simu kwamba wageni wanakuja kuona tunavyoitekeleza sera. Ovaroli ilikuwa na doa la manjano kifuani, kubwa kama kiganja. Nililisugua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikachubuka, na doa likakaa pale pale. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkali ninayempenda na kumwogopa, aliishika nguo akanitandazia mbele ya macho.

"Yawa, katibu! Watu wanatupatia kitu mpya, sisi tunafanya hivi? Watasema hatujui kutunza vitu."

Wageni wenyewe hawakusema lolote kuhusu doa. Hata hivyo tulielewana kwamba ovaroli isitoke tena kabatini isipokuwa kuna ugeni. Sikupinga. Ningepinga na nini, mimi mwenye vikombe sita vya maua? Mama yangu alikufa akiacha sahani ambazo hakuwahi kulia chakula hata mara moja. Nililiona jambo hilo kuwa la heshima kabisa.

Basi ikawa hivyo. Wageni wakija, shemeji alivaa, akasimama katikati ya nyanya na pampu yenye maji matupu, akapigwa picha, akavua. Kesho yake alirudi kwenye shati la mgombea wake. Tulimtania kwamba amekuwa bwana harusi wa kikundi, na yeye mwenyewe alicheka kutuzidi sote. Inanichosha kukumbuka tulivyocheka.

Halafu ukaja msimu ambao viwavi walitoboa nyanya shamba baada ya shamba. Kila mtu alitaka lake lipigwe dawa wiki hiyo hiyo, na watu walinunua dawa kali kuliko zote dukani. Kuhusu kukagua wadudu kwanza, hakuna aliyekumbuka. Jumatatu asubuhi shemeji alibisha kwangu.

"Shem, leo nina mashamba tano. Na hii dawa ni kali, jana imenishika mpaka kwa macho. Nipatie ile ovaroli."

"Wageni wanakuja Alhamisi," nikamwambia.

"Nitaosha."

"Utaosha, na doa je? Unamjua mwenyekiti."

Funguo zilikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba, kama kawaida. Alizitazama, kisha akanitazama mimi, akatabasamu.

"Sawa, shem. Mimi si mgeni."

Akaenda. Nilimwahidi kwamba akirudi atakuta maziwa tayari. Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara kamba iko shingoni na kabati liko hatua tatu kutoka mlangoni.

Kabla ya saa sita waliniita. Nilimkuta amepiga magoti kati ya mistari ya nyanya, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Shati lilikuwa limelowa dawa mgongo mzima. Tulimvua, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, na nikaokota chupa ya dawa nikaenda nayo hospitalini, kwa sababu niliwahi kuandika kwa mkono wangu kwamba daktari lazima aone kibandiko. Daktari akakisoma, akajua sindano ya kumpa. Aliniambia chupa ile imemwokoa shemeji yangu. Nilishukuru, kisha nikatoka nje nikalia nikiegemea ukuta, kwa hasira. Mafunzo yale yale niliyafuata kwa chupa, nikayafungia kabatini kwa ovaroli.

Aliruhusiwa Jumatano. Alitembea, aliongea, ila mikono ilikuwa haitulii. Daktari alisema huenda itarudi kawaida na huenda isirudi, akamkataza kugusa pampu.

Alhamisi wageni walifika, na sikutaka hata kutoka nyumbani. Tulikuwa bado tunanong'onezana mlangoni kwangu nani avae ovaroli tulipomwona shemeji anakuja polepole akifuata ua. Hakuna aliyemwita. Aliingia kwangu, akanyoosha mkono kuelekea kabati, nami nikalifungua. Aliingiza miguu vizuri, mikono vizuri, ikabaki vifungo. Alijaribu cha kwanza, akajaribu tena. Nikapiga magoti nikamfungia, kuanzia chini kwenda juu, na sikuweza kumtazama usoni nilipofika shingoni. Nilitaka kusema nisamehe. Nilichosema ni kwamba kola imepinda.

Kule shambani afisa mmoja kijana, mpole, alimuuliza kama huvaa mavazi yale kila anaponyunyizia. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Mimi nilifungua kinywa. Naapa nilikuwa tayari kusema ukweli, au ndivyo ninavyojiambia.

"Kila siku, mkubwa," shemeji akanitangulia, mikono ameificha nyuma ya mgongo. "Shemeji yangu hapa ndiye hunifungia vifungo."

Afisa aliandika. Akaniambia, "Hongera, mama. Endelea hivyo." Wakapiga picha, wakanywa chai yao katika vikombe vyangu vya maua, wakaondoka.

Magari yalipopotea nilivua kamba shingoni nikamwekea shemeji funguo kiganjani. Nilimwambia ovaroli ni yake, doa au bila doa, mwenyekiti apende asipende. Funguo zikateleza zikaanguka chini. "Ya nini sasa, shem?" akasema, bila ubaya wowote.

Siku hizi nanyunyizia mimi. Natembea kwanza kati ya nyanya nikitafuta viwavi, na mara nyingi narudi na pampu bila kuifungua. Ninapoifungua, navaa kila kitu, na ovaroli ina madoa yasiyohesabika. Mwenyekiti hasemi kitu. Kabati halifungwi tena.

Shemeji bado anapita kwangu jioni kunywa maziwa, kwa mazoea tu, maana sumu gani ya kuosha tena. Nampa katika kikombe cha maua, nami nakishikilia kitako mpaka nione amekishika. Kuna siku nawahi kuachia. Amevunja vitatu mpaka sasa, na kila kimoja kikianguka yeye ndiye huniomba msamaha.