Maji ya Masahani

Juzi nilipita Kakoba, hapa Mbarara, nikakuta fundi amelala chini ya gari la watalii, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, akipigana na koki ya tanki la uchafu iliyokwama. Nilitaka kumwambia aache kuivuta kwa hasira, amwage kwanza maji ya moto chooni, asubiri, kisha apake mafuta na kugongagonga taratibu. Harufu ikanifikia kabla sijafungua mdomo. Ungeniona nilivyoondoka, ungesema nimefukuzwa na mbwa.

Kazi hiyo niliiona utotoni, Rubondo, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nyuma ya nyumba ya bibi. Bibi alilima lengalenga, yaani mchicha. Kiangazi kikikaza na foleni ya kisimani ikirefuka, wanawake majirani hawakuwa wanamwaga maji waliyooshea vyombo. Walimletea bibi kwa mabeseni, wakamwagilia, na wakirudi wanachuma majani ya kupika jioni. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeuliza. Niliipenda sana saa ile ya mabeseni: vicheko, udongo uliolowa, na bibi akiwatania wenye maji meusi kwamba wameunguza bugari, ugali wetu, tena.

Kiangazi kimoja wageni wawili wazee walikuja na gari kama lile, wakaegesha karibu na kanisa letu. Koki yao ikagoma. Akaitwa mjomba, kitinda mimba wa bibi, aliyejua ufundi kidogo na kujisifu sana. Akalileta gari mpaka nyuma ya nyumba yetu. Alieleza kwamba lina matanki mawili, moja la choo na jingine la vyombo, na lililokwama ni la vyombo.

“Mama, ni maji ya masahani tu,” alimwambia bibi. “Tuiachilie mu bustani yako?”

“Kama ni ya masahani, leta,” bibi akasema, na uso wake ulikunjuka kwa furaha, maana mboga zilikuwa zimeanza kunyauka.

Mimi nilichemsha maji. Mjomba akayamwaga kwenye choo cha gari. Nilipouliza kwa nini chooni, akasema njia ni moja. Akachimba mtaro katikati ya matuta, akaingiza mpira wa kutolea maji ya tanki, akafunika kwa majani ya migomba. Akapaka mafuta, akagonga, akavuta kidogo, akarudisha, akavuta tena mpaka koki ikaachia. Harufu ilipopanda, alisema masahani yakikaa siku mingi yananuka hivyo.

Wageni walikuwa wamemwahidi kumfikisha Mbarara akatafute kazi. Begi lake lilikuwa tayari ndani ya gari. Bibi alimpungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Jioni wanawake walikuja na mabeseni yao. Mmoja akafunua majani ya migomba ili amwage, akaona karatasi za chooni. Alikifunika tena kile alichokiona, polepole, akaondoka na beseni lake likiwa limejaa.

Mjomba alitusaliti, na sitafuti neno laini. Angekosea ningemsamehe. Lakini alijua tanki ni lipi, na alijua mama yake angekubali kwa neno lipi.

Bibi aling'oa mboga zote, akapanda nyingine upande wa pili wa nyumba. Zikaota nzuri. Wanawake walimsalimia kama kawaida, wakaenda kumwaga maji yao kando ya njia. Ile saa ya mabeseni haikurudi, na tangu hapo kila nyumba pale ilikula ya kwake. Ningali nakisikia kimya chake kila jua likishuka.

Baadaye mjomba alipiga kwenye simu ya jirani yetu, mchangamfu, akauliza mboga zimekubali namna gani.

“Imekubali, mwanangu,” bibi akajibu. “Tunakula, na majirani banakula.”

Kisha akaninyooshea simu nimsalimie. Sikuipokea, na mpaka leo sijamsalimia.