Nilivyoolewa Usiitike

Nilipowaambia majirani zangu wa Nyamisangura kwamba naolewa kijiji kinachoitwa Usiitike, walicheka mpaka nikakasirika. "Sasa sisi tukija kukutembelea, hodi tutampigia nani?" Mimi mwenyewe nilidhani jina hilo ni utani wa wazee waliokosa kazi. Kijiji kiko upande wa Kemambo. Kuna mihogo, mahindi na ng'ombe, na kilima chenye mashimo ambayo wachimba dhahabu kutoka mikoa mingine wameyachimba na kuyaacha wazi.

Jambo moja lilinikera tangu nilipofika. Ukimwita mtu kwa mbali, haitiki. Anaacha anachokifanya, anakuja kimya mpaka ulipo, akuone uso, ndipo aseme. Mume wangu naye ni hivyo hivyo. Niliona ni kiburi, nikamsema sana. "Utazoea," akanijibu. Sikutaka kuzoea.

Masika yalipokolea, nilipanda kilimani mchana kutafuta kuni, peke yangu, na mimba ya mtoto wetu wa kwanza tumboni. Majani yalikuwa yamefunika mdomo wa shimo. Nilikanyaga, nikaporomoka pamoja na udongo, nikaangukia tope na mguu ukateguka. Juu nilibaki na kipande cha mbingu kama ungo. Udongo uliendelea kumeguka kidogo kidogo, na kila ulipomeguka nilikumbatia tumbo. Simu nilikuwa nimeiacha kwa jirani ikichajiwa.

Nikasikia wanawake wakipita njiani, wakiongea habari za mashine ya kusaga. Nikapiga kelele. Wakanyamaza.

"Jamani, nakufa huku!"

Kimya. Hata nyayo zao sikuzisikia tena. Hapo niliogopa kuliko nilipoanguka, kwa sababu shimo halikunichukia, lakini watu walikuwa wamenisikia na kuniacha. Niliwalaani wote, wao na ng'ombe wao, na jina la kijiji chao, mpaka sauti ikakauka. Kisha nikalia.

Baadaye nyasi zikachakarika. Mtu mmoja, halafu wengine, wakalizunguka shimo pande zote, na hakuna aliyesema neno. Ncha ya mshale ikachungulia, nyuma yake jicho la mwanamume. Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Niliamini wamekuja kunimalizia mbali.

Jicho likaondoka, ukaja uso wa mama mkwe. Akanitazama, akageuka.

"Ni wa kwetu," akawaambia.

Ghafla wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na kamba ikashuka.

Jioni alinikanda mguu kwa maji ya moto. Hasira zangu zilikuwa bado hazijaisha.

"Mama, mlinisikia mkaninyamazia?"

"Tulikusikia, mwanangu. Zamani wezi wa ng'ombe walijificha pale kilimani, mmoja wao analia kama mwanamke aliyeumia. Wanaume wanaitika, 'Tunakuja!' Basi mshale unafuata sauti. Baba mkwe wangu alikufa hivyo, tukamkuta mdomo uko wazi. Ndiyo maana pakaitwa Usiitike."

Akauminya mguu wangu mpaka nikapiga yowe.

"Kuitika ndiyo tumekatazwa," akasema. "Nani alisema tusije?"

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na sasa anasoma darasa la tatu. Juzi tulikuwa tunapalilia mahindi, mimi na yeye, ikatokea sauti ya mwanamume kule kilimani. Ilikuwa ya mgeni, yenye lafudhi ya Kisukuma, inaomba msaada. Binti yangu akafungua mdomo kujibu. Niliuziba kwa kiganja chenye udongo, nikamwonyesha kwa kidole mahali tunapoweka kamba.

Akakimbia kuichukua. Yule mtu akaita tena, halafu akaanza kutulaani, sisi na ng'ombe wetu. Maneno yote niliyajua. Tukapanda kilima bila kumjibu.