Mama Dozi na siku aliyomwambia mwenyekiti ‘nirudishie’

Saa moja na nusu asubuhi pazia la dirisha namba tatu linavutwa, na kabla mtoa dawa hajakaa sawasawa kwenye kiti chake, karatasi ya kwanza imeshapenya chini ya kioo.

“Shikamoo, Mama Dozi.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekunywa chai.”

“Chai tupu? Hizi hazitaki tumbo tupu, zitakuchoma. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku thelathini. Haya, nirudishie.”

Mwanamume huyo, mpaka rangi aliyevaa ovaroli lenye madoa ya kila aina, anacheka kwa aibu na kusema kimoja kwa siku. Mama Dozi anaivuta bahasha ya vidonge upande wake. “Anza upya,” anasema. Foleni inaguna, lakini hakuna anayethubutu kulalamika, maana kila mmoja anajua zamu yake inakuja.

Ndivyo dirisha hili la hospitali ya umma linavyokwenda kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hupewi dawa mpaka uyarudie maelezo yake kwa mdomo wako mwenyewe. Mama Dozi ni jina alilopewa na wagonjwa kwa kuwakoromea wanaoacha dawa katikati, na siku hizi hata wanawe wawili wanamwita hivyo wakitaka kumchokoza.

Mwandishi amekaa pembeni ya dirisha kwa saa mbili, na kuna swali moja hajalisikia. Hakuna aliyeuliza bei.

Miezi saba iliyopita lilikuwa swali la kwanza. La pili lilikuwa, “Naweza kuchukua nusu?” Wakati huo bima ya umma ililipia dawa za waliolazwa tu. Aliyekuja kwa miguu yake, akaandikiwa na daktari, alitoa pesa mfukoni. Vidonge vya presha vya mwezi mmoja vilikula ujira wa siku nne wa kibarua.

“Mtu ana watoto, ana kodi ya nyumba. Unadhani atapunguza wapi?” anauliza Mama Dozi. “Atapunguza kwenye vidonge, kwa sababu vidonge havilii njaa.”

Hospitali ilikuwa na muhuri wa dawa iliyotolewa. Haikuwa na muhuri wa dawa iliyotolewa nusu. Kwa hiyo alibuni alama yake. Aliyechukua nusu, nakala ya karatasi yake ilikunjwa kona moja. Aliyeondoka mikono mitupu, ilikunjwa kona mbili. Wenzake walimtania kwamba anakunja leso. Yeye alikunja tu na kuweka kwenye faili.

Kisha siku moja akaikunja karatasi ya kaka yake.

Kaka huyo ni fundi viatu mwenye kisukari, mtu wa maneno mengi na kiburi kingi zaidi. Mama Dozi alimlipia mara mbili. Ya tatu kaka alikataa katakata. “Aliniambia, ‘Mdogo wangu, wewe una wanao. Nipe nusu, nitajua mwenyewe.’ Nikampa nusu. Mimi huyuhuyu, kwa mkono huu.”

Baada ya miezi mitano ya nusu, kidonda cha mguuni kikakataa kupona. Kaka akaletwa kwenye machela, akalazwa wiki tatu, akakatwa vidole viwili. Na alipokuwa kitandani akapewa vidonge vyake vyote, bure, kwa kuwa sasa alikuwa amelazwa.

“Vilevile, kutoka kabati lilelile,” anasema Mama Dozi. “Nilivipeleka wodini mimi mwenyewe. Akavitazama, akaniambia, ‘Kumbe nilikosea mlango.’ Nikacheka naye. Halafu nikaenda stoo, nikalia mpaka nikaishiwa machozi.”

Alipomaliza kulia, alifungua faili. Kwa mwaka mmoja alikuwa amekunja karatasi 1,146. Kati ya wenye karatasi hizo, 214 walikuwa wamerudi kama kaka yake, kwa machela au kwa mgongo wa mtu.

Alikuwa mwanachama wa chama chake kwa miaka kumi na tano, mwanachama wa kupiga makofi na kwenda nyumbani. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na rasimu ya ilani ilishikilia msimamo wa zamani: dawa zilipiwe kwa waliolazwa, basi. Kamati iliyoiandika iliogopa gharama. Mama Dozi akaomba tawi lake limchague awe mjumbe wa mkutano mkuu. Tawi likacheka, likamchagua.

Siku ya mkutano alipewa dakika tatu, mara tu baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nusu ya ukumbi ilikuwa inasinzia. Karatasi za wagonjwa hakuzibeba. “Siri ya mgonjwa haitembei,” anasema. Alibeba kikaratasi chenye hesabu zake mbili, lakini aliposhika kipaza sauti hakukifungua.

Basi akaongea kwa namna pekee anayoijua. Akamtazama mwenyekiti pale mezani kama anavyomtazama mgonjwa nyuma ya kioo.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, nisikilize vizuri. Anayekuja anatembea, tunamuuzia dawa. Zikimshinda bei, anachukua nusu. Nusu ikimwangusha, analetwa amebebwa. Akishabebwa tunampa zote bure, na kitanda juu yake, na chakula, na wa kumkata vidole. Umeelewa? Haya, nirudishie.”

Waliokuwa wamesinzia wakafumbua macho. Katibu akanyanyuka kwenda kuchukua kipaza sauti.

“Hapo ndipo nikashtuka nimesema nini, na nimemwambia nani,” anasimulia, akijifunika uso kwa kiganja. “Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka ishirini na mbili ya dirisha, mdomo ulijiendea wenyewe!”

Lakini mwenyekiti alimzuia katibu kwa mkono. Akasogeza kipaza sauti chake na kuanza kurudisha, taratibu, kama mwanafunzi.

“Umesema anayetembea tunamuuzia. Anayebebwa tunampa bure.” Akavua miwani. “Kwa maana hiyo, msimamo wetu unamtaka mtu azidiwe kwanza.”

“Hapohapo!” akapaza sauti mtu mmoja kutoka viti vya nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono kabla ya jioni. Wajumbe 412 walitaka dawa yoyote iliyoandikwa na daktari wa hospitali ya umma ilipiwe na bima, mgonjwa awe amelazwa au la. Waliopinga walikuwa 97. Mama Dozi alibebwa juujuu na wajumbe wa tawi lake, yeye akipiga kelele wamshushe kwa sababu kiatu kimoja kimebaki chini.

“Tulijadili gharama wiki sita,” anakiri katibu wa chama. “Hakuna aliyekuwa ameutamka msimamo wetu kwa sauti.”

Chama kilishinda, na sheria ikapita. Wapo wanaosema mzigo ni mzito na foleni zimerefuka. La foleni Mama Dozi halikatai. “Waliokuwa wanaumwa majumbani wamekuja,” anasema. “Nilitaka waje. Niwafukuze?”

Wala hajamaliza. Orodha ya dawa zinazolipiwa imeyaacha matone ya presha ya macho, na tangu mwezi uliopita ameanza tena kukunja kona. Amefikisha kumi na tisa. Mkutano mkuu ujao ni baada ya miezi minane, na tawi limeshamchagua, safari hii bila kucheka. “Nitawahi kiti cha mbele,” anasema. “Mwenyekiti kurudisha anajua. Ni kumpa maelezo tu.”

Saa nne kamili fundi viatu anafika dirishani, akichechemea ndani ya kiatu alichojitengenezea, kipana upande mmoja. Dada yake hamsalimu kwanza. Anahesabu vidonge, anafunga bahasha, anaishikilia.

“Nirudishie.”

“Viwili kwa siku, baada ya kula, siku thelathini. Hata kasuku wangu anajua.”

“Na ukijisikia nafuu?”

“Naendelea.”

“Nusu je?”

Kaka anainamia kioo. “Nusu hakuna, mdogo wangu. Nipe zangu zote.”

Mama Dozi anamsukumia bahasha. Kidole chake, kwa mazoea, kinakwenda kwenye kona ya karatasi, kinasimama hapo kidogo, kisha kinainyoosha. Anachukua muhuri na kuugonga kwa nguvu mpaka kioo kinatikisika.

“Anayefuata!”