Nilivyomchagulia bosi fimbo za gofu

Nitukaneni tu, ila leo nimelipiza na wala sijutii.

Zamani nikiwa Dar nilimbebea bosi mmoja fimbo za gofu. Siku moja alikosa mpira, akanizaba kofi mbele ya wageni wake, eti nimempa fimbo mbovu.

Sasa kastaafu, yuko Ruangwa, anataka kurudi mchezoni. Leo kaja kwangu Mandawa na seti mbili.

"Nichagulie moja, nyingine chukua wewe."

Moja ina vichwa vipana. Hata ukikosea, mpira unaenda. Inamfaa mtu aliyeacha kucheza miaka kumi, tena na kitambi kile.

Nyingine ina vichwa vyembamba. Haisamehe kitu.

"Bosi, hizi nyembamba ndizo za mafundi kama wewe."

Tukaenda kwenye shamba lililovunwa ufuta. Akina mama wakaacha kupepeta, wanamtazama. Kapiga ardhi mara saba! Vumbi tupu, mpira umetulia.

Bibi yangu akauliza kwa sauti, "Mjukuu wangu, huyo baba anaua nyoka?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Bosi jasho linamtoka, akaninong'oneza: "Hivi hakuna fimbo zinazosamehe kidogo?"

"Hakuna, bosi. Mkono wako ndio umezeeka."

Zipo. Ziko uvunguni mwa kitanda changu, kanipa mwenyewe, na juu yake akanishukuru.