Wakili Wetu

Mama alipoanza kupofuka, kule kijijini hakubaki mtu wa kumchotea maji. Akauza ng'ombe wake wote, akaniambia ninunue nyumba hapa Kahama tukae pamoja. Ng'ombe wa Msukuma, jamani! Msukuma hauzi zizi zima kwa mchezo. Nilijua kabisa kwamba hela ile ikipotea, hakuna nyingine.

Dalali alinipigia simu kuliko mchumba. Akanipeleka kwenye nyumba nzuri karibu na mashine za mpunga, umeme upo, kisima kipo. Mwenye nyumba alikuwa mchimbaji, alitaka kuuza upesi akatafute dhahabu Geita. Nilipouliza habari za mwanasheria, dalali akacheka.

"Usihangaike, mama. Wakili wetu yupo."

Wetu! Nikalimeza neno hilo bila kutafuna. Nikajua ni wetu sote, na mimi nimo. Ofisini kwa wakili tulikaa benchi moja: mimi, dalali, muuzaji na mkewe. Mke alijifunika ushungi, akaweka dole gumba kwamba ameridhia nyumba ya familia iuzwe. Kwa mwenyekiti wa mtaa hatukupita, dalali alisema atatuzungusha bure. Nikakubali. Aliyeniroga simjui mpaka leo.

Tulikuwa tumeshahamia na kuzoea, siku mwanamke mmoja aliposhuka kwenye bodaboda na viroba vyake vya dagaa. Alikuwa ametoka Nkome kule ziwani, alikokwenda kufanya biashara, watoto kawaacha kwa bibi yao. Mama akamkaribisha kwa adabu zote, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

"Karibu, mayu, kaa upumzike."

Mwanamke hakukaa. Aliuliza nani katuweka ndani ya nyumba yake. Kumbe mke wa kweli ndiye huyo, na yule wa ushungi alikuwa wa kuazima.

Nilikwenda kwa wakili mbio, nahema. Hata hakunyanyuka. Alisema yule mwanamke aliletwa na mteja wake, yeye angemjuaje.

"Mteja wangu alikuwa muuzaji. Wewe wakili wako alikuwa nani?"

Nikatoka nje, nikaanza kupiga simu. Simu ya dalali haipatikani, ya muuzaji vilevile. Nikaenda Geita, nikazunguka machimbo hadi machimbo nikimuulizia, wachimbaji wakanicheka kwamba huku kila mtu ana jina la kazini. Nililia barabarani kweupe, wala sikuona haya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yule mwanamke akatushtaki baraza la ardhi, nalo likasema mke hakuridhia, kwa hiyo mauzo ni batili. Nyumba irudi kwake, mimi nimdai aliyeniuzia. Nimdai wapi? Hewani?

Nilitaka kumchukia yule mwanamke nikashindwa, maana na yeye mumewe kamtoroka na watoto kamwachia. Siku ya kutoka nilifunga magodoro, lakini mama akashika mlango kwa mikono miwili.

"Mayu," akamwambia yule mwanamke, "njia ya chooni nimeshaijua kwa kupapasa. Nikienda kwingine, nani atanifundisha upya?"

Mwanamke akasema tuchukue chumba cha uani, ila tulipe kama wapangaji wengine, kwani watoto wake nao wanakula. Tukabaki. Kila mwezi naipeleka kodi kule sebuleni, na nikifika mlangoni napiga hodi, nasubiri nikaribishwe.