Diski ya Bei Chee Niliyopeleka Kihesa

Neema alinipigia simu asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati ambapo baridi ya Mbeya inaingia mpaka ndani ya vyuma, akaniambia mashine yake ya gemu imekuwa nzito. "Ukiiwasha, baba, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi, bado inajifikiria." Alikuwa ameelezwa kwamba dawa yake ni kutoa diski ya zamani, ile inayozunguka ndani, na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, inayofungua vitu papo hapo. Iringa alikuwa ameulizia akaona bei imemshinda. "Huko Mbeya si ndiko mizigo ya Tunduma inakopita?" akasema. "Nitafutie hata ya bei chee."

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Ilomba, natengeneza mageti na nondo za madirisha, na mambo ya SSD nilikuwa siyajui kabisa. Lakini mwanangu alikuwa ameniomba kitu. Mimi na mama yake tuliachana bila kelele. Yeye akarudi kwao Kihesa, Iringa, na Neema, mtoto wetu pekee, akaenda naye. Tangu hapo zaidi ya mwaka ulikuwa umepita, na simu zetu zilikuwa za salamu na ada. Siku hiyohiyo nilizima mashine ya kuchomelea nikaenda sokoni Mwanjelwa. Muuzaji mmoja aliyepanga bidhaa zake kwenye meza ya kukunja alinipa SSD nyeusi, nyembamba, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Aliniapia kwamba kwa nafasi hakuna inayoishinda, na bei yake haikufika nusu ya ile ya dukani. Niliipima kiganjani. Ilikuwa na uzito wa kuridhisha. Nikalipa.

Ningeweza kuituma kwa basi. Watu wanatuma dawa, vyeti, hata vifaranga, na vinafika. Fundi mwenzangu aliponiambia hivyo, nilimjibu kwamba kitu chenyewe hakitaki kutikiswa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshanunua na tiketi.

Tuliondoka Mbeya kabla jua halijatoka vizuri. Uyole ilikuwa imefunikwa na ukungu, wauza chai wakionekana kiunoni kwenda juu tu, kama watu waliosimama ndani ya maziwa. Diski nilikuwa nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Barabara iliposhuka kuelekea Usangu nilivua skafu, kisha sweta, maana kule bondeni joto halina adabu. Hapo ndipo Neema alipokuwa akiniuliza zamani, tukienda kuwasalimia wajomba zake, "Baba, nani amewasha moto chini ya gari?" Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na swali lile nililisikia kabisa.

Chimala alipanda mama mmoja na kiroba cha mchele, akaketi kiti kile. "Kamwene, baba," akanisalimu kwa salamu ya kwao. Alikuwa anarudi Igowole, ana shamba la chai na miparachichi kidogo. Tulipofika Makambako, upepo ukaturudisha kwenye masweta, naye alikuwa ameshajua kwamba nina mtoto mmoja na kwamba anaishi Iringa.

"Aa, Iringa siyo mbali," akasema, akinifariji.

"Siyo mbali," nikakubali.

Aliposhuka Nyororo kutafuta gari la Igowole, niliendelea kulitafuna neno lile. Ningekuwa nimekwenda mara ngapi? Magari yapo asubuhi na mchana. Misitu ya misonobari ya Mafinga ilikuwa ikipita dirishani, mistari na mistari, na kila mstari ulionekana kunifungulia njia kisha kuifunga.

Iringa tuliingia mchana. Mji ule umekaa juu ya mlima kama mtu anayechungulia mgeni wake anapanda, na bajaji iliyonichukua kutoka stendi ilinguruma njia nzima. Kihesa sikuhitaji kuuliza. Nyumba ya wazazi wa Mama Neema ina jiwe kubwa nyuma yake, refu kupita bati. Nilibisha hodi. Kwa miaka yote ya Ilomba, nikirudi kazini Neema alikuwa akinikimbilia mpaka nainua mikono juu nisimchafue kwa masizi. Sasa alitoka msichana mrefu, amesuka vizuri, akasimama hatua mbili kabla ya kunifikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa umekaribia wangu kwa ukubwa.

Mama Neema alinikaribisha kwa heshima ambayo mtu humpa mgeni wa kanisani. Alipika ugali, maharage na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akakumbuka kwamba mimi pilipili naitaka pembeni. Hilo la pilipili lilinifanya niangalie sahani muda mrefu. Aliniambia gesti nzuri iko jirani, na kwamba ameshaulizia chumba. Nikashukuru.

Baada ya kula tuliifungua mashine ya gemu juu ya meza, mimi nikiwa na bisibisi zangu, Neema akiwa na simu inayoonyesha namna ya kufanya. Tulitoa diski ya zamani, tukaweka mpya, akachomeka flashi yenye programu ya mashine ili aipakie upya. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo cha televisheni. Ulifika katikati, ukasimama. Likatokea tangazo la kosa. Tukarudia. Ukasimama palepale.

"Baba," akasema taratibu, "umenunua wapi hii?"

Nilimweleza. Akaigeuzageuza, akaniomba bisibisi ndogo, akabandua kifuniko. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya kuweka kwenye simu, imebandikwa kwa gundi, na pembeni yake kipande cha chuma cha kuongezea uzito.

Nimefanya kazi ya chuma maisha yangu yote, na mtu alikuwa ameniuzia chuma. Nilisikia uso unachemka. Nilitaka kusema nitamrudia yule mtu, nitamfanya hivi na vile, lakini Neema alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Kicheko kilekile cha Ilomba, kinachoanza bila sauti kisha kinapasuka. "Baba! Wamekuuzia nondo!" Mama yake alikuja kutoka jikoni kuona kuna nini, naye akacheka, na mimi pia ikabidi nicheke. Nilifikiri moyoni kwamba diski inayofanya kazi isingeweza kuniletea kicheko hicho.

Kesho yake asubuhi tulishuka mjini mimi na Neema kutafuta nyingine. Jirani alikuwa ametuelekeza duka la Mama Kavita, mama wa Kihindi ambaye familia yake imekuwa ikiuza vifaa vya umeme pale tangu enzi za redio za mbao. Alitusalimu "Kamwene" kabla hatujafungua mdomo. Nilimwonyesha ile ya kwangu. Hakucheka, alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jeraha.

"Hizi zinaletwa hapa kila wiki," akasema. "Kama unataka rahisi, baba, usitafute mpya. Mpya rahisi ni uongo. Chukua iliyotumika, ambayo nimeipima."

Alitoa SSD iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi, ndogo kwa nafasi na imechubuka pembeni, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaijaza mafaili mbele yetu kisha akayafungua moja moja. Kazi ile ilichukua muda, naye alitupa viti. Alimuuliza Neema anasoma wapi. Neema akamwambia amemaliza kidato cha nne na amechaguliwa kwenda chuo, kusomea uchoraji wa ramani za nyumba. Mimi nilijua kwamba amechaguliwa. Nilikuwa sijamsikia akilisema mwenyewe, huku ameketi wima namna ile.

"Basi utataka kompyuta," akasema Mama Kavita.

"Ndiyo, mama. Ndiyo hesabu yangu," Neema akajibu, kisha akanitazama haraka.

Tulipotoka na diski, nikaita bajaji. Neema akasema, "Tutembee, baba." Tulipanda polepole. Tulinunua mahindi ya kuchoma, na tulipofika mahali ambapo barabara ina kivuli, akaniambia lililokuwa limemkaa kooni.

"Mashine naiuza, baba. Kuna kaka ana banda la gemu hapa Kihesa, anaitaka. Alisema kwa uzito ule haichukui, mpaka niweke SSD. Nikiiuza naongezea kwenye hela aliyoniwekea mama, napata kompyuta ya chuo."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nisiuze."

Na ningesema hivyo kweli. Mashine ile nilimnunulia alipokuwa darasa la tano, na usiombe uone tulivyoicheza. Neema alikuwa ameunda humo timu yake ya mpira, akaiita Ilomba, na wachezaji akawapa majina ya majirani zetu. Mama muuza vitumbua alikuwa mshambuliaji. Fundi viatu alikuwa beki, kwa sababu hasogei. Mimi alinipa ukipa, akasema, "Ili uwe nyumbani muda wote." Wakati nasafiri na diski mfukoni, njia nzima kutoka Mbeya, nilikuwa nikiwaza kwamba tutaihamisha timu ile kwenye diski mpya, na mchana mzima utaisha tukingoja, na nikaomba iwe kazi ya polepole.

"Kwa hiyo hatuhamishi kitu?" nikauliza.

"Anaitaka tupu, baba."

Niling'ata mahindi yangu. Kisha nikamwambia, "Kompyuta ni kitu cha maana. Uza." Nilijitahidi neno lisitetemeke, na nadhani halikutetemeka sana.

Tulipofika nyumbani sikushika bisibisi. Neema aliirudisha mwenyewe diski ya zamani kwenye mashine, akaiwasha. "Mechi moja ya mwisho," akasema, akanipa kidhibiti. Mashine ilijifikiria kweli. Tulikaa kwenye kochi tukiangalia kialama kinazunguka, na bega lake likaja kuegemea langu, kama zamani, bila yeye kujua au labda akijua. Nilitamani kialama kile kisiache kuzunguka. Kikaacha. Uwanja ukafunguka, na majirani wote wa Ilomba wakaingia wamevaa jezi ya njano. Alinifunga mabao manne. La mwisho alipiga muuza vitumbua.

Kisha akazima, akaichomoa diski ile, na mimi nikafunga ya Mama Kavita. Mstari ulitembea mpaka mwisho bila kusita. Mnunuzi alikuja jioni, akaiwasha, akasema, "Ee, sasa hii," akaondoka nayo kwapani. Neema alibaki amesimama mlangoni mpaka yule kaka akapotea kwenye kona. Alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa, akasema ni vumbi. Kihesa kuna vumbi, nikamwachia.

Siku ya kuondoka, Mama Neema alinisindikiza mpaka barabarani, Neema akiwa ametangulia kusimamisha bajaji. Alikuwa amenifungia maandazi kwenye mfuko.

"Nilijua ungeleta mwenyewe," akasema. "Nilimwambia Neema, baba yako hatatuma kwa basi."

"Nilidhani kitavunjika njiani."

Alinitazama kwa upole ambao sikuwa na haki nao tena. "Baba Neema, huyu ni mwanao. Siku nyingine uje bila mzigo."

Nikapokea mfuko. Neema alinikumbatia, mara hii hakusimama hatua mbili, na bajaji ikateremka nami.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile. Mafinga kulinyesha mvua nyepesi, Makambako upepo, Usangu joto. Uyole nilifika taa za maduka zimeshawaka, na watu wa Ilomba waliponiuliza habari za Iringa niliwaambia nzuri, na nikawapa somo nililouziwa Mwanjelwa: usipime SSD kwa uzito wa mkononi, mwambie muuzaji aijaze mbele yako. Waliosikia wamenishukuru.

Lakini somo kubwa lilikuwa la Mama Neema. Mwaka mzima nilikuwa nangoja nitumwe, kana kwamba baba ni mtu wa kuleta vitu, na asipokuwa na kitu hana njia. Hamu niliyokuwa nayo nilikuwa nikiionea aibu, ndiyo maana niliitafutia kazi ya kubeba.

Wiki mbili kabla Neema hajaenda chuo, nilipanda basi tena. Nilipobisha hodi Kihesa alifungua yeye, akatazama mikono yangu, kisha nyuma yangu.

"Baba! Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu," nikamwambia. "Nimekukumbuka tu."

Akafungua mlango wote.